Ziwa lilikuwa na wenyewe

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu kaniletea daftari: “Babu, nani aligundua Ziwa Victoria?” Jibu linalotakiwa ni Speke, 1858. Nikamwambia aandike hivyo hivyo asije akakosa maksi, ila ajue siku ile Mzungu anafika Mwanza watu walikuwa majini wakivua ngege na furu (sangara alikuwa bado hajaletwa), na ziwa wakiliita Nyanza.

Miaka mia baadaye, mwaka 1958, wakulima wa Geita kwa maelfu walikuja hapa Mwanza kukataa baraza la wilaya la Mwingereza lenye viti vya Wazungu na Wahindi, katika wilaya iliyojaa Waafrika. Wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Hilo daftarini halimo.

Jana nimepita Makoroboi. Binti anauza mkorogo, anamwambia mteja, “Dada, utang’aa kama Mzungu.” Uso wa huyo binti ni mweupe, vifundo vya vidole vyeusi tii. Sikumlaumu, na mimi ujanani nilimsifia mke wangu kwa weupe wake.

Mhariri, wazee wa Geita walioandamana wanazidi kupungua. Mtume mwandishi akawahoji.

Babu wa Nyakato,
Mwanza