Ngome yangu sasa ina maji

Umoja, Nairobi
Jumapili usiku

Kwa ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na zimfikie mama pia. Uliniuliza mbona siku hizi usiku sishiki simu. Jibu ni refu, ndiyo maana nakuandikia.

Ninajenga ngome. Ni ule mchezo wa kompyuta wa vibeti niliokuonyesha ulipokuja Idi, Dwarf Fortress, wa ndugu wawili Wamarekani, Tarn na Zach Adams. Waliutoa mwaka 2006, na kwa miaka mingi ulikuwa herufi na alama tupu kwenye skrini. Toleo la picha lilikuja Desemba 2022. Kibeti humshiki mkono. Unachora pa kuchimba, naye anakuja kuchimba akishakula na kulala.

Wewe uliyeamshwa hapa kwangu saa tisa usiku tujaze mitungi utanielewa haraka: kilichonishika ni maji. Kila mraba wa ramani wenye maji una kina cha 1 hadi 7. Kwenye 3 kibeti anapita akilowa tu. Kwenye 7 asiyejua kuogelea anakufa. Basi nikachimba mfereji kutoka mtoni hadi kwenye birika, tabaka 12 chini ya ardhi, na juu ya birika nikaweka kisima. Nikafungua lango nikiwa na furaha kubwa.

Nilisahau presha. Maji yaliyoteremka kutoka mtoni yanataka kupanda tena karibu na kimo cha mto wenyewe. Yalijaza birika, yakatoka kwa mdomo wa kisima, yakaingia vyumba vya kulala. Wenzo wa kulifunga lango nilikuwa nimeuweka huko huko chini, na aliyetumwa kuuvuta hakufika. Walikufa vibeti tisa, akiwemo mchonga mawe aliyenipambia ukumbi wote. Niliumia, Salim, kuliko nilivyotarajia.

Dawa yake ni nzuri mno: presha haipiti kwenye mshazari. Ukiacha mfereji upite mahali pamoja kwa kona, mraba kwa mraba zikigusana pembe tu, maji yanapita lakini nguvu yake inabaki nyuma. Birika linajaa hadi kimo cha mfereji, basi. Sasa wenzo uko juu, karibu na lango kuu, na kuna lango la pili la akiba.

Baada ya hapo nikataka maporomoko. Vibeti wakipitiwa na mvuke wa maji nyuso zao zinakunjuka, kwa hiyo maji yanaanguka katikati ya ukumbi wa kulia, yanapita kwenye wavu wa sakafu na kukusanyika tabaka la 8. Kutoka hapo pampu 8 za parafujo, moja juu ya nyingine, zinayarudisha mtoni. Gurudumu la maji moja linatoa nguvu 100 na kila pampu inakula 10, hivyo gurudumu moja tu linatosha yote. Nilikaa nikiyatazama yakizunguka hadi adhana ya alfajiri.

Huwa nafikiria Ndakaini, kule Murang'a. Bwawa lile linabeba mita za ujazo milioni 70 hivi, na maji yanashuka kuja Nairobi zaidi kwa mteremko wa ardhi. Zamani sikuwahi kuyafikiria nikifungua bomba nyumbani. Sasa nikisikia bomba linakohoa, najiuliza presha imeishia kona gani.

Kilichobaki ni kuzingirwa. Adui wakija nitafunga milango yote, na handaki litajazwa kutoka birika lile lile. Ndipo nikaikumbuka Ngomeni, yaani Fort Jesus ya Mombasa, hapo karibu na kwenu. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani ilibidi wanywe kitu. Lile birika la maji ya mvua tuliliona tukiwa shule ya msingi, lakini wakati huo mimi nilitazama mizinga tu.

Nakuomba uende siku moja jioni, jua likipoa. Tazama maji yanaingilia wapi kutoka kwenye mapaa, na birika likijaa yanatokea wapi. Nichoree kwa kalamu, hata vibaya. Sijachimba upande wa mashariki, nakungoja wewe.

Nduguyo,
Kamau