Kwa mwanangu anayetaka kupima nguvu za watu

Mwanangu mpendwa,

Mama yako amenionyesha ujumbe wako. Kumbe udaktari umeuweka kando, sasa unataka utafiti wa umetaboli: mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, hasa kwa watu wa mazingira magumu. Shangazi zako walishajiandaa kuwa na daktari nyumbani. Niachie mimi, nitawamudu.

Nimesoma habari za huyo mtafiti Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Nilichopenda ni kwamba jina lake lilikua kwa kazi aliyoifanya na wenzake hapa kwetu, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Waliwanywesha maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha wakawa wanachukua mkojo kwa siku kadhaa. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini na maji tu, ila oksijeni hutoka na maji na pia na hewa ukaa tunayoipumua nje. Ukipiga hesabu ya tofauti ya hizo mbili, unapata hewa ukaa iliyotoka, na hapo unajua mtu kachoma kalori ngapi, na hujamvalisha mtambo wowote usoni. Mwindaji anafuata swala wake, mama anachimba mizizi yake.

Matokeo yalitoka 2012. Ukizingatia ukubwa wa mwili, Mhadzabe na Mmarekani wa ofisini walichoma sawa! Wanavyoeleza, mwili unaotembea sana hubana matumizi kwingine.

Nilibisha. Nimepanda Kilimanjaro na kilo 20 za mgeni kichwani, za kwangu mgongoni, leo niambiwe niko sawa na karani? Ila wenyewe hawakuishia hapo. Mwaka 2019 Pontzer na wenzake walitoa habari za watu waliokimbia kuvuka Marekani, karibu marathoni moja kwa siku, kwa miezi. Kadiri siku zilivyokwenda, matumizi yao yalishuka, yakaelekea mara 2.5 ya nguvu anayotumia mtu aliyelala tu. Wanadhani kikwazo ni tumbo: halisagi chakula cha kutosha kuzidi hapo, na kinachopungua kinatoka kwenye nyama zako mwenyewe. Hilo nalikubali. Msimu ukiisha tulikuwa tunashuka Marangu suruali zimefungwa kwa kamba, na ugali tulikuwa tunaushindilia kila kambi.

Kwa hiyo soma. Kemia uikazanie, maana kazi yote imekaa kwenye zile hesabu. Na ukipima watu, rudi uwasomee majibu kwa lugha yao kabla hujayapeleka kwenye mikutano.

Mimi ningekushauri uanze na wapagazi. Kule Uhuru, mita 5,895, oksijeni unayoipata ni kama nusu ya ile ya pwani, na juu ya hapo kuna baridi na usingizi wa mang'amung'amu. Wenzangu bado wako geti la Marangu, nitazungumza nao. Ukiwaomba mkojo watacheka sana, halafu watauliza posho ni shilingi ngapi. Uje na jibu.

Baba yako