Mnaolilia theluji, tazameni na msitu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba theluji ya Kilimanjaro ikiisha, mifereji yetu Wachagga nayo itakauka. Nimewapandisha wageni kwa njia ya Marangu tangu enzi ambazo kahawa ilikuwa bado inasomesha mtoto, na sibishi kwamba barafu inakwisha. Ramani ya 1912 inaonyesha kama kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikubaki hata 2. Lakini maji ya mfongo, yaani mfereji, unaopita kihambani kwangu, shambani nyumbani, hayatoki huko. Sehemu kubwa ya barafu ya Kibo, kilele chetu, inageuka mvuke palepale juu, kwa jua kali na hewa kavu, wala haifiki kambi ya Horombo. Maji yanatoka msituni, na msitu huo sioni anayeulilia.

Wageni wakilala Mandara, kambi ya kwanza ya njia ya Marangu, jioni huwa tunawapeleka kreta ya Maundi, mwendo wa robo saa. Wanapiga picha, wanarudi kunywa chai. Ndani ya ile kreta kuna tope lililojikusanya tabaka juu ya tabaka, na watafiti walilichimba wakaisoma chavua iliyomo, ule unga wa maua unaoonyesha mimea gani iliota zamani. Walipata kumbukumbu ya takribani miaka 90,000. Miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi na ukavu, msitu wa mvua ulishuka na Erika, ile miti ya majani membamba inayoota kwenye mpaka wa juu wa msitu, zikashuka nyuma yake. Joto na mvua viliporudi, miti nayo ikapanda tena. Kwa hiyo anayetaka mlima urudishwe kama ulivyokuwa aanze kwa kututajia mwaka.

Mkono wa mtu nao si wa jana. Miteremko ya kusini imelimwa vizazi na vizazi. Wazee waliondoa miti ya chini, wakabakiza mirefu ya kivuli, wakapanda migomba, na baadaye kahawa. Wageni waliokwisha kupanda Mlima Meru huniuliza, mianzi iko wapi? Meru ipo, Mlima Kenya ipo, kwetu upande wa kusini hakuna, labda vipande kule kaskazini. Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutembea mlima huu miaka mingi, anasema mashamba yetu na makorongo yamewafungia njia tembo na nyati. Bila wao kuvunja miti na kufungua nafasi, mianzi haipati pa kushika. Mimi naona ana hoja. Babu zangu walibadilisha hata msitu ambao hawakuufyeka.

Sasa hapa ndipo ninapomwomba msomaji huyo atulie. Ukifuata historia ya lile tope, joto likiongezeka msitu unatakiwa kupanda juu zaidi. Kwetu, katika maisha yangu mimi, mpaka wake wa juu umeshuka kwa mamia ya mita. Picha za setilaiti za 1976 zilionyesha msitu wa Erika wa kilomita za mraba 187 hivi. Za mwaka 2000 zikaonyesha kama 32. Kilichoula ni moto. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, hilo kweli, na ukavu ndio unaoandaa kuni. Kiberiti kinawashwa na binadamu: mrina asali anayefukuza nyuki kwa kijinga cha moto, jangili anayejipikia, na tusifichane, hata sisi wa kazi ya utalii na majiko yetu.

Asiyejua Erika ina kazi gani apite hapo juu ya Mandara asubuhi ya ukungu. Shina limevaa utando wa kijani mnene kama blanketi. Ukiukamua kiganjani, maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko, na mvua haijanyesha. Ule ukungu umenaswa na mti, unadondoka, unaingia ardhini. Sogea mbele kidogo palipoungua: nyasi, vichaka vya maua makavu, visiki vyeusi, na ukungu unapita zake.

Oktoba 2020 moto ulianzia kati ya Mandara na Horombo ukaunguza takribani kilomita za mraba 95. Wanachuo wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, wagumu (wapagazi wetu wa mlimani) na wanavijiji walipanda kusaidia, wengi wakiupiga moto kwa matawi mabichi. Oktoba 2022 ukawaka tena. Barafu siwezi kuirudisha, wala wewe Mhariri huwezi. Moshi wa viwanda vya mbali hauzimwi kutoka Marangu. Kuzuia moto tunaweza.

Ninachoomba ni kidogo. Kuanzia Julai hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, wawepo wagumu wanaolipwa posho kulinda mpaka wa juu wa msitu, maana ndio wanaoona moshi kabla ya mtu mwingine yeyote. Makoleo na mapipa ya maji yawekwe Mandara na Horombo kabla ya kiangazi, yasisubiri kupandishwa mgongoni moto ukiwa umeshawaka. Na warina asali wapewe mizinga ya kisasa waiweke kwenye nusu maili, ule ukanda wa msitu wa chini ulio jirani na vijiji, wasilazimike kupanda na vijinga hadi kwenye Erika.

Mwongoza wageni,
Marangu, Kilimanjaro