Mita moja ifikapo 2100: namba hiyo imetoka wapi?

Mhariri,

Habari za kupanda kwa bahari huandikwa kana kwamba bahari imekwisha kuahidi: "mita moja ifikapo 2100." Mita hiyo imo katika ripoti ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, lakini haikusimama peke yake. Dunia ikipunguza gesi joto haraka sana, makadirio ni mita 0.28 hadi 0.55, ikizidi kuzimwaga, ni 0.63 hadi 1.01. Kwa hiyo mita moja ni ncha ya juu ya wigo mbaya kuliko wote. Wala si dari. Wigo huo umepewa uwezekano wa angalau asilimia 66 tu, na kinachobaki nje kimeelemea juu, kwa sababu sehemu kubwa ya barafu ya Antaktika Magharibi imekalia mwamba ulio chini ya usawa wa bahari, na maji huila kutoka chini. Ripoti yenyewe inakataa kuzifuta mita zinazokaribia 2.

Kuna jambo jingine ambalo wahandisi hulikosea. Namba hizo huanzia wastani wa miaka 1995 hadi 2014, si leo. Kwa kasi ya milimita 3.7 kwa mwaka, iliyopimwa kati ya 2006 na 2018, miaka 20 ni sentimita 7 na ushei. Anayepima ukuta wa kuzuia bahari kutoka usawa wa maji wa leo akajumlisha, tuseme, sentimita 50 nzima za makadirio, hizo 7 kazihesabu mara mbili. Huyo afadhali, kosa lake linainua ukuta. Wa kuogopwa ni anayejumlisha juu ya usawa wa wastani akasahau bamvua, yaani maji kujaa kupita kawaida mwezi unapoandama au kuwa mpevu. Maji hayavuki ukuta siku ya wastani. Huvuka pale bamvua linapokutana na dhoruba. Na kama ardhi inadidimia kwa kufyonzwa maji ya visima, milimita zake nazo zihesabiwe.

Kwa jengo la kudumu hadi 2050, kubishania njia za gesi joto, yaani dunia itamwaga kiasi gani, ni kupoteza muda: kati ya njia ya chini kabisa na ya juu kabisa, makadirio ya katikati yanapishana kwa sentimita 5 hivi. Kwa daraja la miaka 100, ubishi huo ndio kazi yenyewe.

Mwaka 2100 nao ni ukingo wa jedwali tu. Joto la dunia likituama kwenye nyuzi 2 juu ya lile la kabla ya enzi ya viwanda, bahari itaendelea kupanda kwa miaka 2,000, hadi mita 2 au hata 6. Mkiukata mchoro wenu wa bahari kwenye mwaka huo, wekeni walau mshale wa kuonyesha kwamba maji yanaendelea kupanda.