Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika stori za mizimu: huyo marehemu anadai nini?

Wajukuu zangu waandishi, hasa nyie wa ule usiku wa kusoma hadithi,

Marahaba kwa wote mlionisalimia, na hata kwa wale mliopita mmeinamia simu. Nilisema ngoja hili jambo liniishe lenyewe, haliishi, kwa hiyo naliandika hapa wazi kila mtu achukue chake. Mlinialika, nikaja kutoka Temeke na foleni yote ile, mkanikalisha kiti cha mbele, na karibu kila aliyesimama kasoma stori ya mzimu. Sina ugomvi na mizimu, miaka yangu yote ya kusahihisha miswada ya watu nimeisoma mingi na mingine naipenda mpaka leo. Ugomvi wangu ni kwamba mizimu yenu wote ni mtu mmoja. Binti, gauni jeupe, nywele mpaka kiunoni (za dukani hizo, nazijua), anaomba lifti usiku karibu na makaburi ya Kinondoni, dereva anageuka hamwoni, damu kwenye siti, mwisho. Na anayejiona fundi zaidi anaongeza eti kumbe ilikuwa ndoto.

Kuna kijana mmoja, simtaji mwenyewe anajijua, yeye angalau alijitahidi. Familia imepanga nyumba Mbezi, kila ikifika saa nane usiku mtoto analia stoo, mabomba yanajifungulia maji, baba anaogopa anahamisha watu wake, basi. Sauti anayo, watu wakapiga makofi. Mi nikamuuliza, mwanangu, huyo mtoto analia nini? Akanijibu bila hata kufikiri, "Bibi, ni mzimu tu."

Mzimu tu! Yaani mtoto kafa, tena kafa vibaya maana angekufa vizuri angelala, ana mama yake mahali, ana jina alilopewa, kuna mtu alimzika au hakumzika, na wewe mwandishi umemchukua ukamweka stoo alie ili watu washtuke halafu huna habari naye tena! Ningekuwa mamake ningekufuata.

Sasa nisikilizeni. Mzimu kwenye hadithi ni mdai. Hakuzikwa, au alidhulumiwa shamba, au aliuliwa na aliyemuua bado anakula pilau kwenye harusi za watu, au yeye mwenyewe ndo aliyedhulumu na hana tena pa kulipia. Kabla hujaandika neno la kwanza ujue anadai nini, anamdai nani, na kwa nini kaja leo wakati mwaka juzi hakuja. Ukiyajua hayo, mlango ukijifungua wenyewe utatisha hata ukiweka saa sita mchana. Na msinichanganyie na majini, jini hajawahi kufa, ana ukoo wake na mambo yake. Msukule naye wanasema hajafa, kafichwa. Mzimu alikuwa mtu kama wewe, alipanda daladala, alidaiwa kodi, alikuwa na binamu asiyempenda, na hayo ndo nilikuwa nayatafuta kwa yule binti wa gauni jeupe nikayakosa.

Mtafuteni Toni Morrison, yule mama wa Marekani, na kitabu chake Beloved cha 1987. Kimeanzia kwenye jambo lililotokea kweli. Mwaka 1856 mama mmoja mtumwa, Margaret Garner, alitoroka Kentucky na familia yake, wakavuka mto Ohio umeganda barafu, wakafika Cincinnati, wakazingirwa, na alipoona wanarudishwa utumwani akamuua binti yake mdogo kwa mkono wake. Morrison akatunga hadithi ambayo mtoto wa namna hiyo anarudi. Anarudi msichana mkubwa, anakaa mezani anakula, anapenda vitamu, anataka kusimuliwa, anataka mama aeleze, na mama anaeleza na kueleza, mtoto ananenepa mama anakonda. Niambieni hapo nywele ndefu za nini. Na deni lenyewe siyo la yule mama peke yake, kitabu kimetabarukiwa watu milioni 60 na zaidi, yaani waliokufa kwa utumwa, ujue mwandishi alikuwa anaidai nchi nzima kupitia mtoto mmoja.

Mtasema bibi hayo ya Wamarekani, Dar tuna nini. Dar! Mji huu tunaishi juu ya watu. Barabara zinapanuliwa, viwanja vinapimwa upya, makaburi yanahamishwa, na sheria ya kuyahamisha tunayo tangu 1969, siyo jambo la kufanya kwa kificho, ndugu wanaitwa, wanatambua wao, wanawabeba. Niliwahi kuwasindikiza majirani kwenye uhamisho wa namna hiyo. Kila ukoo unaita majina, wengine wanalia upya kama msiba wa jana, shuka zimeandaliwa, vijana wanachimba taratibu. Mwisho likabaki kaburi halina mtu. Wakauliza mara ya kwanza, wakauliza tena, kimya, kijana mwenye daftari akaandika alichoandika akafunua ukurasa mwingine na watu wakaenda kunywa maji. Yule alikuwa nani? Watoto wake wako wapi, au alikuja mjini kuuza maji akafa bila kwao kujua? Mnayo hayo mlangoni kwenu na bado mnakimbilia gauni jeupe.

Na siyo makaburi tu. Nyumba ya marehemu inatafutiwa dalali arobaini haijafika. Mjane anatolewa vyombo nje na shemeji zake waliokula kwake miaka yote. Dada wa kazi anafia mjini, kwao mkoani wanapigiwa simu mara moja, mshahara wake wa miezi ya nyuma hakuna anayeutaja. Halafu tunashangaa watoto wetu wanaogopa giza, tumewafundisha kusahau watu haraka kuliko wanavyooza. Nisameheni, nimefika mbali, lakini mnaelewa.

Haya mengine nayapitia mbiombio.

Amueni nani anamwona. Mwalimu Nyerere alishatutafsiria Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare, mwaka 1963 kwa hiyo kisingizio cha lugha hamna. Mzimu wa Kaizari unamjia Brutus, mmoja wa waliomuua, usiku hemani, watumishi wamelala, unamwambia tutaonana Filipi, unaondoka. Maneno machache mno. Brutus anawaamsha wenzake anawauliza mmeona kitu? Hawajaona. Aliyeshika kisu ndo kaona. Nyie mzimu wenu anaonwa na konda, abiria, trafiki na muuza mahindi, sasa huyo anamdai nani, mkoa mzima?

Mpeni mipaka na muiheshimu. Kama hapiti ukutani ukurasa wa tatu, asipite ukutani ukurasa wa ishirini kwa sababu wewe umekwama.

Asiwe mpelelezi wa bure. Kwenye mchezo mwingine wa Shakespeare, baba yake Hamlet anarudi anamtaja muuaji wazi kabisa kuwa ni mdogo wake, na bado kijana hatoki mbio na panga, anaandaa mchezo wa kuigiza kwanza amtazame baba mdogo usoni. Mzimu analeta mzigo, kazi inabaki kwa walio hai.

Mkitaka msomaji asijue kama mzimu yupo au ni akili ya mtu, sawa, ila hiyo ni kazi ngumu siyo njia ya kujifichia. Henry James alifanya hivyo kwenye hadithi yake The Turn of the Screw mwaka 1898, yaya wa watoto wawili anawaona wafu wawili, mtunza nyumba haoni kitu, na wasomaji wanabishana mpaka leo, maana kila ukurasa unasomeka kwa namna zote mbili. Ndoto ya mwisho wa stori haimo humo.

Na inawezekana pia mzimu asiwepo kabisa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, 1960: watu wanaogopa mizimu, naye Bwana Msa mpelelezi, na kiko chake, anatafuta binadamu. Hofu yenyewe imetumika kama pazia. Kisomeni, acheni uvivu.

La mwisho ni namna ya kumtoa, na hapa ndo mliponichosha kuliko kote. Kuna barua ya Mrumi mmoja, Pliny, ya kama miaka 1900 iliyopita. Nyumba Athens, usiku minyororo inalia, mzee kakonda anatembea na pingu, wapangaji wamekimbia. Anakuja mwanafalsafa Athenodorus, anaona kodi ni ya chee mno, anashtuka, anauliza, anaambiwa ukweli, anapanga hivyohivyo (Dar mngempenda huyu). Usiku anaandika zake, mzee anatokea anamwita kwa kidole, Athenodorus anamwashiria ngoja kwanza, anaendelea kuandika! Baadaye anamfuata mpaka uani, mzee anapotea, anaweka alama pale. Kesho yake wakubwa wa mji wanachimba, mifupa na minyororo, wanamzika mbele ya watu. Hakurudi tena.

Kwenu anakuja mganga, ubani, kelele, mzimu anaingizwa kwenye chupa, chupa inatupwa baharini, familia inakula chakula cha jioni. Deni kalipa nani? Mdai ndo kafungwa jela! Kwenye Beloved hata kuondoka kwake kunawagharimu watu, wanawake wa mtaa waliomtenga yule mama miaka na miaka inabidi watoke majumbani kwao waje wasimame mbele ya nyumba yake waimbe, na hata hapo msomaji hana uhakika kama yamekwisha.

Kwa hiyo nyie wa chupa, mmoja mmoja, mje nyumbani mnieleze aliyemo ndani ni nani, alifia wapi na nani alijua akanyamaza. Chai ninayo, maandazi mje nayo wenyewe.

Bibi yenu,
Temeke