Habari za Bosi na ule waya

Lurambi, Kakamega
Jumapili jioni

Kwako Mwalimu Wanjiku,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, na uniwie radhi kwa kimya cha tangu Pasaka. Sisi ni wazima. Mguu wa Baba Nekesa umepona na Rose amejifungua salama, lakini hayo nitayaeleza siku nyingine, kwa sababu kilichonishikisha kalamu leo ni wale mbwa wawili ulionipa, Simba na Bosi, hasa Bosi.

Nilikueleza kwamba walipenya kwenye michongoma wakamla jogoo wa jirani, na wewe umekaa na Waluhya kiasi cha kujua jogoo ni nani. Tulilipa, ila tangu siku ile salamu za jirani hutokea puani. Ukuta wa mawe kuzunguka nusu ekari hatuuwezi kwa pensheni hii. Basi kijana wetu alipokuja likizo kutoka Marekani alituletea kile wanachokiita ua usioonekana: sanduku dogo la kutundikwa ukutani, roli ya waya na kola mbili. Waya hufukiwa kuzunguka boma lote na ncha zake zikarudi kwenye sanduku, ambalo hupitisha mawimbi ya redio humo. Mbwa akiukaribia, kola hulia, na asiporudi, humrusha shingoni kwa stima kidogo. Niliijaribu kwanza mkononi mwangu, usinicheke. Ni kama kuumwa na siafu watatu kwa pamoja.

Kuufunga kulikuwa na vituko vyake. Adapta iliyokuja nao ilikuwa ya volti 120, na stima yetu ni 240, kwa hiyo ilifuka moshi kabla sijaondoa kidole kwenye swichi. Kisha fundi akalaza nyaya mbili za kutoka nyumbani hadi mpakani zikiwa sambamba, Simba akawa anarushwa akipita mlangoni pake mwenyewe, hadi tuliposoma karatasi upya tukaona kwamba kipande hicho kilipaswa kusokotwa kama kamba ya katani ili mawimbi ya nyaya hizo mbili yauane.

Mafunzo niliyafanya mwenyewe. Nilichomeka vibendera nilivyovikata kwenye gunia jeupe la mbolea, na wiki nzima ya kwanza kola zikawa zinalia tu bila kurusha, huku nikimtembeza kila mmoja kwa kamba dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni. Kola ikilia, ninamvuta nyuma na kumpa kipande cha utumbo. Simba alielewa kwa siku nne. Bosi, kwa yale manyoya mazito aliyorithi kwa mama yake, vile vijino vya kola vya kupitishia stima havikumgusa ngozi hata tulipofungulia stima, naye akausikiliza mlio kana kwamba ni wa redio ya jirani. Tulimnyoa shingo, akaelewa. Labda alielewa kupita kiasi.

Jumanne saa kumi tumbili alichomoka shambani na hindi mkononi, Bosi akamfuata kwa kasi ambayo maumivu hayakuweza kuipata, akavuka. Shida ilikuwa kurudi, maana kola haitofautishi anayetoka na anayeingia. Alikaa chini ya mpera upande wa pili, mvua ikimnyeshea, Simba akimtazama kutoka upande huu, nami nikimwita hadi sauti ikakauka. Hata nilipomvua kola alikataa kukanyaga pale penye vibendera. Jua lilipotua Baba Nekesa alimleta nyumbani kwa wilbaro, na jirani akacheka kwa mara ya kwanza tangu yule jogoo.

Kola huvaliwa mchana tu, kuku wakiwa nje, wala hatuzidishi saa kumi na mbili kwa siku, kwani vile vijino huchubua ngozi. Lakini sasa Bosi, awe na kola au asiwe nayo, hatoki kwenye ngazi ya jikoni. Mbwa wasio na kola huvuka waya kama kawaida, huja hadi kwenye sahani yake wakala, naye huwaangalia tu. Mbwa uliyenipa alikuwa akibwekea hata lori la miwa.

Kwa hiyo, Mwalimu, ninaona haya kurudisha zawadi, lakini kwako kuna ukuta wa mawe. Je, ungemchukua walau hadi mwisho wa mwaka? Mama yake atamkubali, au watapigana? Au unaonaje nikizima sanduku, nianze upya kwa kamba na utumbo, nikimpitisha kwenye vibendera hadi asahau? Yule mkweo wa Njoro bado huja Mumias na pikapu, na anaweza kumbeba mbwa mwenye woga? Nijibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu Baba Nekesa ameanza kumpelekea uji pale kwenye ngazi, na akimzoea zaidi hatakubali aondoke.

Wako,
Mama Nekesa