Mbona friji ya kulipa kidogo kidogo ina bei kubwa zaidi?

Friji hiyo hiyo taslimu ni shilingi 1,000,000, kwa miezi kumi ni 1,150,000. Wateja wetu Waislamu wanauliza: hiyo 150,000 si riba? Ni swali la mtu anayechunga dini yake, na anastahili jibu kamili.

Katika Suratul Baqara aya ya 275, Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Wanachuoni walio wengi wa madhehebu manne wanakubali kwamba bei ya kulipa baadaye inaweza kuzidi bei ya taslimu, ila mteja achague bei moja kabla hatujaachana. Ikishaandikwa, haipandi tena.

Tunachouza kwa njia hii ni murabaha, yaani tunakutajia mtaji na faida yetu. Tuseme friji tumeinunua Kariakoo kwa 900,000, usafiri 20,000, faida 230,000. Jumla ni 1,150,000, kila mwezi 115,000. Risiti ya muuzaji wa jumla utaiona.

Hapa ndipo wengi wanapochoka kutusubiri. Ukitaka friji ambayo hatuna, tunapokea ahadi yako tu, mkataba bado. Kwanza tunakwenda kuinunua, inafika dukani, ndipo tunakuuzia. Sahaba Hakim bin Hizam alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mtu anayemjia akitaka kitu ambacho Hakim mwenyewe hana: je, amuuzie kisha akakinunue sokoni? Akaambiwa: usiuze usichonacho. Kwa hiyo friji ikivunjika njiani kutoka Kariakoo, hasara ni yetu, wewe hudaiwi hata senti. Faida yetu inatokana na kubeba hatari hiyo. Anayekukopesha 900,000 mkononi akadai 1,150,000 hakubeba friji yoyote.

Ndiyo maana tunakataa mteja akisema, "Nipeni hizo hela nikanunue mwenyewe." Tunakataa pia tukiombwa kuuza friji kwa mkopo kisha tuinunue tena papo hapo kwa taslimu ya chini. Friji haijatoka hata mlangoni, na kilichobaki ni pesa kwa pesa zaidi. Mwenye shida ya fedha taslimu, ya matibabu kwa mfano, tunamshauri atafute mkopo usio na nyongeza kwa ndugu au msikitini kwake. Friji haitamtibu mgonjwa.

Ukichelewa je? Deni linabaki lile lile. Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo ya Baqara inasema mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, kwa hiyo njoo utuambie mapema, tutapanga upya tarehe bila kuongeza shilingi. Mwenye uwezo anayetukwepa kwa makusudi tutamfuata kupitia mdhamini wake, lakini faini ya kuingiza mfukoni mwetu hatuitozi.

Ukimaliza kabla ya muda huenda tukakupunguzia kwa hiari yetu. Hatuliandiki hilo kwenye mkataba, maana punguzo la kushurutishwa linaubadilisha muda kuwa bidhaa.

Njoo na kitambulisho na mdhamini mmoja. Aya ya 282 inataka deni liandikwe na lishuhudiwe, nasi tunaandika hata kwa jirani tunayesali naye safu moja. Nakala yako unaondoka nayo siku hiyo hiyo, pamoja na friji.